Barua ya wazi kwa wanaoagiza mifumo ya serikali: mzigo huu ubebeni nyinyi

Kwa waheshimiwa mawaziri, makatibu wakuu, wakurugenzi wa TEHAMA katika wizara, wilaya na taasisi za umma za Uganda, na kila anayetia sahihi hati ya zabuni ya mfumo wa kompyuta,

Salaam kutoka Busia. Kazi yangu ni kuandika programu, na sehemu kubwa ya siku nakaa kwenye kaunta ya duka la huduma za mtandao karibu na mpaka, ambako watu huja kujaziwa fomu za serikali. Kwa hiyo naziona pande zote mbili: upande wa anayejenga mfumo na upande wa anayehangaika nao. Ombi langu ni moja. Mifumo mnayoiagiza iwe rahisi kwa mwananchi anayeitumia, na gharama ya urahisi huo ibebwe na nyinyi pamoja na wajenzi wenu, kwa muda, kwa fedha za mradi, na kwa uamuzi mgumu wa kuondoa vitu.

Wapo wanaodhani programu rahisi ni programu duni, iliyofanywa haraka kwa bei ya chini. Sisi tulio kwenye kazi hii tunajua sivyo. Mmarekani Larry Tesler, mmoja wa waliotupa njia ya kukata, kunakili na kubandika maandishi kwenye kompyuta, alilieleza jambo hili vizuri katika miaka ya 1980: kila kazi ina kiasi fulani cha ugumu kisichoondoka, na kinachobaki kuamuliwa ni nani ataubeba, aliyejenga programu au anayeitumia. Mjenzi akijitwisha, anajitwisha mara moja. Akiukwepa, unagawiwa kwa kila mtumiaji, kila siku, kwa miaka yote ambayo mfumo utakuwa unafanya kazi. Pigeni hesabu wenyewe: hatua moja isiyo ya lazima inayokula dakika moja, ikipitiwa na watu milioni moja, imekula zaidi ya saa 16,600 za Waganda. Hakuna mhandisi anayehitaji hata sehemu ndogo ya muda huo kuiondoa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu akiwa kikaoni Kampala, kisanduku kimoja cha ziada kwenye fomu ni kitu chepesi kabisa. Mjumbe anakitaja, katibu anakiandika, mtengeneza programu anakiweka kabla ya chakula cha mchana. Uzito wake unaonekana huku kwetu.

Nichukue fomu moja ya kibali. Ofisi yake sitaitaja, kwa sababu fomu za namna hiyo ni nyingi na nia yangu si kumwaibisha mtu. Mbele yangu ameketi mama anayeuza samaki wakavu. Ana kitambulisho cha taifa, ana simu ya vitufe, na hesabu za biashara yake anazo kichwani mpaka shilingi ya mwisho. Kisanduku cha kwanza kinataka barua pepe. Hana, hajawahi kuihitaji. Namfungulia. Kinafuata neno la siri: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama, vyote viwemo.

"Mwanangu, andika wewe, mimi nitasahau."

Naandika kwenye kipande cha karatasi, anakikunja na kukiweka ndani ya kava la simu. Tunaingia kwenye NIN, ile namba ya kitambulisho yenye herufi na tarakimu 14 zilizochanganyika. Kadi imechakaa, sifuri na O zinafanana. Nikikosea moja, fomu inarudi na maneno mekundu ya Kiingereza kwamba taarifa si sahihi. Taarifa ipi kati ya zote? Haisemi. Nikiipata, naulizwa jinsia yake, tarehe ya kuzaliwa, wilaya alikotoka: mambo ambayo serikali yenyewe iliyaandika siku ilipompa namba hiyo. Halafu sanduku la posta, tena kwa nyota nyekundu ya lazima. Ukoo wake wote hauna sanduku la posta. Tunaandika la shule anakosoma mjukuu wake, maana mfumo haukubali nafasi tupu. Hapo waheshimiwa, hifadhidata yenu imekwisha kuingiwa na uongo, na aliyeulazimisha uongo huo ni mfumo.

Inabaki barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Lazima iwe PDF, isizidi ukubwa fulani. Picha ya simu hairuhusiwi. Nainuka kwenda kuiskani. Nikirudi, ukurasa umejifunga kwa sababu tumekaa muda bila kugusa kitu, na kila tulichojaza kimepotea.

"Pole mama, imetutoa."

"Imetutoa wapi, mwanangu, na mimi nimekaa hapa hapa?"

Sina jibu la kumpa. Huyu mama hana upungufu wowote. Anajua kubadilisha shilingi za Kenya na za Uganda kichwani haraka kuliko ninavyobonyeza kikokotoo. Anayesema watu kama yeye "hawana elimu ya dijitali" na kwamba dawa ni semina, aje aijaze fomu hiyo mwenyewe kwa simu yake, kwa bando aliyonunua kwa fedha yake, siku ambayo mtandao unakuja na kupotea.

Nisimame kidogo kwenye lile neno la siri, kwa sababu hapo ndipo ugumu unapogeuka hatari. Vibanda vingi vya mtandao nchini vina daftari. Ndani yake mna majina ya wateja, barua pepe zao na maneno yao ya siri, kwa sababu mteja akirudi baada ya mwaka hakumbuki kitu, na asipokumbuka kazi yote inaanza upya. Sheria za neno la siri zilizowekwa ili kumlinda zimemfanya akabidhi funguo zake kwa mgeni mwenye kompyuta. Na hili si jambo la kubahatisha: mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilibadilisha ushauri wake. Ikasema watu wasilazimishwe kuchanganya herufi na alama kwa kanuni, wala kubadilisha neno la siri kila baada ya muda kama hakuna dalili kwamba limevuja. Mifumo mingapi iliyonunuliwa hapa baada ya mwaka huo bado inadai vitu hivyo hivyo? Fomu zake nazijaza kila wiki, nazijua.

Najua mtakachojibu: serikali si duka, ina mambo mengi ya kuangalia, na usalama haupatikani kwa urahisi. Nakubali la kwanza. La pili sikubali. Mwingereza Tony Hoare, alipopokea Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1980, alisema zipo njia mbili za kubuni programu. Moja ni kuifanya iwe rahisi kiasi kwamba inaonekana wazi haina kasoro. Nyingine ni kuifanya iwe tata kiasi kwamba hakuna kasoro inayoonekana wazi. Ile ya kwanza, alisema, ndiyo ngumu zaidi. Mfumo wenye kurasa nyingi, majukumu mengi na vibali vinavyopishana hukaguliwa na watu waliochoka, na kasoro hujificha humo. Hata mwizi hujificha humo.

Na urahisi hauko mbali nasi. Pesa kwa simu ilianza Uganda Machi 2009 kupitia MTN, na leo mtu anabonyeza *165# kwenye simu yoyote ile, hata isiyo na data, menyu ikafunguka. Ujumbe mmoja wa USSD, yaani menyu za namna hiyo zinazofunguka kwa kubonyeza nyota na reli, hauwezi kuzidi herufi 182. Udogo huo uliwalazimisha wajenzi wachague. Kutuma kwa nani, kiasi gani, jina la mpokeaji linatokea ulihakikishe, namba ya siri, basi. Nyuma yake kuna leja, kuna makubaliano na benki, kuna wakala anayehangaikia floti yake asubuhi na jioni. Ugumu wote huo upo, ila mtumaji hatwishwi. Wizara ya Afya nayo, tangu 2011, imetumia mTrac, ambapo mhudumu wa kituo cha afya anatuma ripoti ya magonjwa ya wiki kwa ujumbe mfupi kutoka simu yake ya mkononi. Nchi iliyoweza kufanya hivyo haiwezi kusema haijui.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla. Unanunua umeme, unapewa tokeni, yaani tarakimu 20, unazibonyeza kwenye kifaa chako, taa zinawaka. Mita haihitaji intaneti. Kiasi cha umeme ulichonunua kimo ndani ya tarakimu zenyewe, kimefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake, kwa hiyo tokeni ya jirani haitakubalika kwako, na ukiirudia yako ya jana mita itaikataa. Mpango huu ulitoka Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ukaenea duniani. Fikirieni kazi iliyofanywa hapo: hesabu za siri, funguo, kumbukumbu, vyote vimesukumwa nyuma ya pazia mpaka kwa mtumiaji kikabaki kitendo kimoja.

Sasa sikieni kilichotokea. Ili tokeni isitumike mara mbili, kila moja ilibeba muda wake, uliohesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu, na zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyorekebishwa isingekubali tokeni mpya. Mita za aina hii, kote duniani, zilipaswa kubadilishiwa ufunguo kabla ya siku hiyo. Hapa Uganda wateja walipewa tokeni za ziada, kila moja tarakimu 20, waziingize kabla ya ile ya umeme. Nilikaa na wazee wa mtaani kwetu wakibonyeza, mmoja ameshika karatasi, mwingine anasoma tarakimu nne nne kwa sauti kama anahesabu magunia. Waliweza. Hawakuhitaji fundi, semina wala barua pepe, kwa sababu kitendo walichoombwa kilikuwa kile kile wanachokifanya kila wanaponunua umeme. Hitilafu ya dunia nzima, iliyolala ndani ya mita kwa zaidi ya miaka 30, ilirekebishwa nyumba kwa nyumba na wenye nyumba wenyewe. Mfumo uliofikiriwa vizuri kwa mtumiaji unavumilika hata siku unapopata tatizo. Fomu ile ya kibali ikipata tatizo la ukubwa huo, tutafunga ofisi.

Kwa nini basi tunaendelea kununua mifumo ya aina ya ile fomu? Sidhani kuna mtu anayekusudia kututesa. Nimeshiriki kuandaa maombi ya zabuni na nimeona inavyokuwa. Hati inakuja na orodha ya mahitaji. Kila idara imeongeza lake, maana idara ambayo haikuongeza kitu inaonekana haikushiriki. Mshindi ni aliyesema ndiyo kwa mahitaji mengi zaidi. Humo hamna mstari unaouliza mwananchi atachukua dakika ngapi, wala ukurasa utakula data kiasi gani. Siku ya makabidhiano wanakaa maafisa mezani, kompyuta mpya, mtandao wa kasi, mtengeneza programu mwenyewe ndiye anayebonyeza, na kila kitu kinapita. Baada ya hapo anayetaka kuongeza kisanduku haulizwi kitu. Anayetaka kukiondoa ndiye anayejieleza. Katika mazingira hayo mfumo unaweza kukua tu.

Na huko kukua kunatugharimu hadharani. Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya Kampala walifunga maduka yao. Madai yalikuwa mengi, na kodi yenyewe ilikuwa kubwa kati yake. Lakini malalamiko juu ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki, yalikuwemo, na walisema kuwa hawakufundishwa vya kutosha na kwamba ni mgumu kwa duka dogo. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya kodi, mimi ninayo yangu. Ila chombo cha kukusanyia kodi kikiwa kigumu kwa mlipaji, hata aliyekuwa tayari kulipa anapata sababu ya kununa.

Hapa mpakani tuna somo ambalo halikuanza na kompyuta kabisa. Zamani mchuuzi aliyetaka nafuu ya ushuru ya Afrika Mashariki kwa mzigo wake mdogo alitakiwa kuwa na karatasi zile zile za mwenye lori zima. Jumuiya ikaweka cheti rahisi cha asili ya bidhaa: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, bidhaa iliyozalishwa katika nchi wanachama na iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa, cheti kinatolewa hapo hapo mpakani. Bado kuna mengi ya kurekebisha katika utekelezaji wake, lakini tazameni mahali kazi ilipofanyika: utaratibu wenyewe ulipunguzwa kwanza. Ukichukua utaratibu wa mihuri saba ukauweka kwenye skrini, unapata mihuri saba inayohitaji umeme na bando. Mtengeneza programu hana mamlaka ya kuufuta hata mmoja. Nyinyi mnayo, na ndiyo maana barua hii haiendi kwa mafundi wenzangu.

Sheria nayo iko upande wenu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka taarifa zinazokusanywa ziwe zinazohusika na zisizidi mahitaji. Kwa hiyo kila kisanduku kisicho na kazi, mbali na kusumbua, kina swali la kisheria juu yake. Jukwaa la kuunganisha mifumo ya serikali, UGhub, lipo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Yale ambayo NIN inayajua hayana haja ya kuulizwa tena na kila ofisi. Na Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Huku Busia dereva wa lori, mchuuzi na askari wanaelewana kwa Kiswahili kutwa nzima, halafu wakifika kwenye skrini wote watatu wanakuja kuniuliza mimi imeandikwa nini. Ujumbe wa kosa ulioandikwa kwa Kiswahili, Kiluganda, Kiateso au Kisamia, unaosema ni kisanduku gani na kimekosewa nini, ni kazi ya siku chache.

Ninachotaka kifanyike ni hiki. Katika kila mkataba wa mfumo unaotumiwa na umma, kiwekwe kifungu kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka watu wa kawaida, ambao hawakufundishwa, wameutumia kwa simu zao wenyewe, nje ya Kampala, na wakamaliza bila kushikwa mkono. Wakishindwa, mfumo ndio ulioshindwa, urudi kwa mjenzi. Kila mfumo uwe na afisa mmoja, anayejulikana kwa cheo chake, mwenye mamlaka ya kuondoa kisanduku au hatua, na kila anayetaka kuongeza kitu aeleze kwake kwa maandishi ni uamuzi gani wa ofisi unaotegemea taarifa hiyo. Fomu ihifadhi kilichojazwa hata mtandao ukikatika. Barua pepe isiwe lazima kwa mtu mwenye namba ya simu iliyosajiliwa. Picha ya simu ikubaliwe. Na palipo na njia ya USSD au dirisha la mtu wa kuongea naye, lisifungwe kwa sababu tovuti imezinduliwa. Wapo watakaolihitaji siku zote, na wana haki sawa.

Haya yataongeza gharama mwanzoni. Wajenzi wazuri watahitaji miezi zaidi, na watahitaji kuja kukaa na watu kabla ya kuandika mstari wowote wa programu. Mimi kama mtu wa kibanda napata riziki kutokana na ugumu huu, kila fomu inayowashinda watu ni ada kwangu, na bado nawaomba mniondolee wateja hawa. Nina programu za kuandika zenye manufaa kuliko kuhamisha NIN kutoka kwenye kadi kwenda kwenye skrini.

Fomu ninazozijaza mara kwa mara nimezipitia moja moja, nikaandika visanduku ambavyo ninaamini vinaweza kuondoka bila kuvunja sheria yoyote, na sababu ya kila kimoja. Ofisi itakayotaka orodha ya fomu yake, iseme tu, nitaileta mwenyewe hadi mezani kwake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi wa programu, Busia